Siku mbili tukiteremka Rufiji na Ami, mashine imezimwa (uzi mrefu)

MwanaWaWete:

Assalaam alaykum wana jukwaa. Uzi huu niliuahidi tangu tuliporudi. Leo nimekaa barazani baada ya Alasiri, simu ina chaji, nauandika wote. Ni mrefu, mwenye haraka arudi usiku.

Ami yangu anakaribia miaka 80. Ujana wake aliumaliza baharini. Miaka ya 1960 alikuwa baharia kwenye majahazi yaliyokuwa yakitoka hapa Unguja kwenda delta ya Rufiji kupakia boriti, na kila ukikaa naye hadithi humrejesha huko huko: Salale, Simba Uranga, mbu wa mikokoni, maji makubwa ya bamvua yanavyoingia ndani ya mikono ya mto mpaka jahazi lililolala topeni linajiinua na shehena yake. Na kila hadithi ilimalizikia mahali pamoja. "Yale maji mekundu yalikuwa yakipita ubavuni usiku na mchana, na mimi sikujua yanatoka wapi." Mlangoni mwa mto alifika mara nyingi. Ndani hakuwahi kuingia.

Agosti iliyopita tukasema basi, tumpeleke.

Tulikuwa wanne: Ami, mimi, mke wangu na binamu yangu mmoja wa Chake. Boti ya asubuhi kutoka Malindi hapa Unguja mpaka Dar, kisha gari: Mbagala, Mkuranga, Kibiti. Hapo unaiacha lami ya barabara ya kusini, unaelekea magharibi kwa vumbi, unapita Mkongo, mpaka Mloka. Ndicho kijiji cha mwisho kabla ya lango la Mtemere la Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Tulifika Magharibi inaadhiniwa. Mzee amechoka, mgongo unamuuma, lakini hakukubali kulala kabla hajauona mto. Akapelekwa na tochi mpaka ukingoni. Akasimama kimya, akasikiliza. Gizani mtu akakoroma, kwa sauti nzito mno, na wa pili akamjibu. Ami akauliza, "Nani hao?" Akaambiwa ni viboko.

Ngoja nisali, naendelea.

BintiMakunduchi:

Waalaykum salaam. Nimeshaweka kiti. Usituache njiani.

MwanaWaWete:

Narudi.

Boti zao ni za bati la alumini, bapa chini, kwa sababu Rufiji ni mpana lakini si wote wenye kina. Kijana aliyetuongoza ni mzaliwa wa Mloka. Ami tangu salamu ya kwanza alimwita Nahodha, ikawa ndilo jina lake siku zote mbili. Nahodha kwa kawaida huwapeleka wageni kwa mashine, anawaonesha mamba wawili watatu, anawarudisha wakale. Tukamwomba jambo lingine: atupandishe juu kwa mashine alfajiri, halafu azime, tuteremke na mkondo. Awe na pondo, mti mrefu wa kusukumia chombo, mkononi na kafi akibani, mashine asiiwashe ila kwa dharura.

Akacheka kwa furaha. Akasema babu yake alikuwa akiteremka hivyo hivyo na mtumbwi, na yeye mwenyewe hana wageni wanaomwomba hivyo.

Ndugu zangu, naomba mniamini kwa hili: mto unaouona mashine ikiwa inanguruma na unaouona mashine ikizimwa ni mito miwili. Dakika kumi za mwanzo masikio bado yana kelele. Kisha kelele ile inatoka, na unaanza kusikia kingo zenyewe. Udongo wa ukingo unamomonyoka, puu, unaanguka majini. Mivumo inavuma, sasa ndio nimejua kwa nini mti ule ukaitwa hivyo, makuti yake yakipigwa na upepo wa asubuhi yanasikika kama bahari iliyo mbali. Baadhi ya mivumo imekufa imesimama, shina tupu bila kilele, na juu ya kila shina kuna ndege.

Na ndege ndio walionishika. Sikuwatarajia, nilikwenda kwa ajili ya tembo. Kuna ukuta wa mchanga, mrefu kuliko nyumba ya chini, umetobolewa matundu mamia kwa mamia, na kila tundu ni mlango wa keremkerem. Wanatoka kama cheche, kijani na wekundu shingoni, wanadaka nyuki hewani wanarudi. Sisi tumekaa hatupumui, boti inapita chini yao taratibu, na hawakutuogopa hata kidogo. Mdiria mweupe na mweusi anasimama hewani mahali pamoja, anapiga mbawa, kichwa kinatazama chini hakitikisiki, halafu anajitupa. Furukombe analia akiwa ameinua kichwa nyuma. Na kuna mmoja ambaye Nahodha alimngojea kwa makusudi: mweusi mgongoni, mweupe kifuani, mdomo mwekundu, taya la chini refu kuliko la juu. Anaruka chini chini, anafungua mdomo, taya lile la chini linakata maji kama mkasi unavyopita kwenye kitambaa, akigusa samaki anafunga. Mke wangu ni mshonaji, alitazama mpaka ndege akapotea kwenye pindo la mto.

Mtumbatu_wa_Gomani:

Mashaallah. Suali la mtu muoga: kiboko je? Nasikia ndiye anayepindua vyombo. Na nyinyi mmezima mashine!

MwanaWaWete:

Shekhe, suali hili nililiuliza mimi kabla hatujatia mguu botini, na jibu la Nahodha nimelihifadhi.

Kiboko mchana yumo majini kwa sababu ngozi yake haistahamili jua, usiku ndio hutoka kula majani. Haogelei kama tunavyodhani, hutembea chini kwenye sakafu ya mto na kuja juu kuvuta pumzi kila baada ya dakika chache. Kwake yeye maji ya kina ndiyo nyumba. Ukimkuta yuko mchangani nawe ukapita baina yake na kina, umemzibia mlango, na hapo ndipo balaa. Kwa hiyo chombo kinapita upande wa maji haba, kina unamwachia mwenyewe. Tena usimnyemelee. Kila tulipokaribia kundi Nahodha aligonga ubavu wa boti kwa pondo, ko, ko, ko, kama mtu anayebisha hodi. Vichwa vinazuka, masikio yanatikiswa, wanatuhesabu. Yule dume anakoroma. Sisi tunapita mbali, na wao wanabaki na kina chao.

Ami alilipenda sana jambo la kubisha hodi. Alisema hata papa hana adabu hiyo.

Lakini sisemi kwamba mtu akachukue chombo akaingie peke yake. Hapana. Ndani ya hifadhi unakwenda na mtu anayeujua mto, na nchi kavu huteremki bila askari mwenye silaha. Mashine ilikuwa imezimwa, lakini Nahodha mkono wake haukuwa mbali nayo.

Mndengereko_wa_Utete:

Uzi mzuri, mmefika kwetu. Niongeze: mtu asipime usalama kwa utulivu wa maji. Huku kwetu anayeliza watu wengi ni mamba kuliko kiboko. Mama zetu wanachota maji na kuosha vyombo ukingoni kila siku, na kila kijiji kina msiba wake. Mgeni akiambiwa asitie mkono majini, asitie.

MwanaWaWete:

Ahsante sana ndugu, na hapo hapo ndipo ninapoelekea, maana tulipwelewa.

Ilikuwa saa tano asubuhi. Mto ule hugawanyika mikono mingi, kila mkono una mafungu ya mchanga, na mafungu hayakai: fungu la mwaka huu mwakani limehama. Ami alikuwa amekaa omo, mbele ya boti, anasoma maji kama anavyoyasoma ya Mkumbuu kwetu Pemba. Akanyoosha kidole: "Pale pamekunjana, si pa kupita." Nahodha akaona vivyo hivyo, akasukuma kushoto, lakini mkondo ukatuvuta, boti ikakwaruza, ikakaa.

Mimi nilishakunja suruali. Ndivyo tulivyolelewa, chombo kikipanda fungu unashuka unasukuma. Nahodha akaniwekea pondo kifuani kwa upole: "Kaka, hapana." Akanionesha ukingo wa pili. Niliona magogo manne. Gogo moja lilikuwa limefungua kinywa, wanafanya hivyo kupoza mwili juani. Nikakaa.

Ami akasema maneno ambayo tangu siku ile hayajanitoka: "Baharini ukipwelewa unangoja maji yajae. Mtoni unangoja nini?"

Hakuna bamvua huko, ndugu zangu. Maji hayarudi kukuchukua. Kwa muda kama wa robo saa tulikaa tukiusikiliza mto ukipita chini ya bati. Halafu wazee wawili (namwita Nahodha mzee kwa akili yake) wakashauriana kwa maneno machache sana. Sote tukahamia tezi, nyuma ya boti, omo ikawa nyepesi ikainuka, Nahodha akachomeka pondo mchangani upande wa juu akaliegemea, mkondo wenyewe ukaizungusha boti kama jani, tukatoka kinyumenyume. Mamba hawakusogea hata kidogo.

Tembo walikuja mchana. Kundi la majike na watoto, wanavuka mkono mmoja wa mto kwenda kisiwani kula matete. Wakubwa maji yamewafika tumboni, watoto wamebaki mikonga tu juu ya maji kama vijiti, kila mtoto ana mama upande wa chini wa mkondo ili asichukuliwe. Tulishikilia pondo topeni, tukangoja mpaka wa mwisho alipopanda. Labda nusu saa. Sikuona mtu aliyetoa simu. Binamu yangu, mtu wa kelele tangu utotoni, alikuwa analia.

Twiga tuliwaona ng'ambo ya kaskazini tu. Ami akauliza kwa nini kusini hakuna hata mmoja. Nahodha akasema ndivyo ilivyo: twiga wa huko wanaishia Rufiji, kusini ya mto hawapo. Mto ndio mpaka wao.

Adhuhuri ilitukuta katikati. Kibla kutoka kwetu ni kaskazini, lakini chombo kinachochukuliwa na mkondo kinageuka kila kona. Nahodha akachomeka mapondo mawili, moja omo, moja tezi, akaifunga boti isizunguke, Ami akasalisha tumekaa. Nimesali misikiti mingi. Ile ni sala nitakayoikumbuka.

FundiMjiMkongwe:

Ami ako amenigusa. Mimi kazi yangu ni kukarabati nyumba za Mji Mkongwe. Mtu akinivunjia dari ya zamani Shangani au Malindi, naikuta Rufiji. Kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, lakini kinachobeba ghorofa ni boriti za mikoko, na nyingi zililetwa na majahazi kutoka delta ile. Watu huuliza kwa nini vyumba vya kizamani ni vyembamba na virefu. Sababu ni boriti: mti wa mkoko ulionyooka hautoi zaidi ya mita tatu hivi za kutegemewa, basi chumba kinakuwa na upana wa boriti na urefu wowote unaotaka. Mto huo ndio uliopima vyumba vyetu.

Na la pili, watu wamesahau. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliishambulia manowari ya Kiingereza Pegasus hapa hapa bandarini Unguja, ikiwa imesimama kwa matengenezo, ikaizamisha. Baadhi ya mabaharia wa Pegasus wamezikwa kwenye kisiwa cha Chapwani. Königsberg ikaenda kujificha wapi? Ndani ya delta ya Rufiji. Ikakaa humo kwa miezi, mpaka Waingereza walipoleta manowari mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, Königsberg ikazamishwa tarehe 11 Julai 1915.

MwanaWaWete:

Fundi, Mungu akuzidishie. Nimemsomea Ami maneno yako. Kwanza amekusahihisha: boriti walipakia za mkoko, msinzi na mkandaa, kila mti na kazi yake, na zilipangwa kwa unene, boriti, mapau, fito. Pili amesema ile Königsberg wazee wa Salale walikuwa wakiionesha mahali ilipolala, yeye akiwa kijana alipelekwa akaona chuma kimetokeza majini.

BintiMakunduchi:

Mnaniliza. Sasa bwawa je? Si mto umezibwa juu? Mliona tofauti?

MwanaWaWete:

Bwawa la Julius Nyerere liko juu zaidi ya tulipofika. Lilianza kujazwa tarehe 22 Desemba 2022, na mitambo yake tisa ni ya megawati 2,115. Umeme unaingia gridi ya taifa, na gridi hiyo ndiyo inayotufikia visiwani kwa waya wa chini ya bahari; wa kwetu Pemba unatoka Tanga tangu 2010. Kwa hiyo ninapoandika hapa na taa imewaka, sehemu ya mwanga huu huenda ni maji yale yale.

Juu ya tofauti, mimi nimeuona mto mara moja tu, sistahiki kusema. Namwachia ndugu wa Utete.

Mndengereko_wa_Utete:

Nitasema ninavyoishi. Mto wetu unakusanya maji ya nchi karibu kilomita za mraba 177,000: Kilombero, Luwegu, Ruaha Mkuu, yote yanakuja kwetu. Mababu zetu walilima kwa kufuata mafuriko. Maji yakipanda wanalala kwenye madungu, nyumba za juu ya nguzo. Yakishuka yanaacha udongo mpya na wanapanda humo humo kwenye unyevu. Mafuriko yalikuwa mbolea. Mwaka ambao mto haukupanda ndio uliokuwa mwaka wa njaa.

Sasa mambo yamechanganyika, mto hauji tena kwa ule mwendo tuliouzoea. Na Aprili 2024 maji yalikuja kwa namna nyingine, yakachukua mashamba na nyumba Rufiji na Kibiti, watu wakahamishwa. Mimi nilipoteza ekari zote za mpunga. Ninachoomba kwa anayekuja kutalii: asiuangalie mto kama bustani ya wanyama tu. Wapo watu kingoni. Kama mnateremka, teremkeni mpaka kwetu.

MwanaWaWete:

Tuliteremka, ndugu. Siku ya pili ndiyo hiyo.

Siku ya pili hatukuingia hifadhini kabisa. Tulianzia Mloka tukauacha mkondo utupeleke chini, kwenye vijiji. Wenzangu walidhani itakuwa siku tupu. Mimi sasa nikiulizwa ipi nirudie, nitasema ya pili. Tuliona madungu uliyoyataja, yamesimama katikati ya mahindi, na watoto juu yake wanapiga debe kufukuza nyani. Viboko walikuwa wamelala mita mia chache kutoka hapo, na usiku hao hao ndio wanaokuja kula mahindi. Wavuvi wa kambale na perege walitupita na mitumbwi ya mti mmoja, miembamba mpaka unaogopa kupiga chafya karibu yake. Mama mmoja alikuwa anachota maji kwa kata iliyofungwa kwenye mti mrefu, amesimama mbali na ukingo. Ami akamwamkia, akamuuliza kwa nini. Akasema mwaka mmoja uliopita mamba alimchukua jirani yake mahali pale pale. Akasema bila kuacha kuchota.

Hapo Ami alinyamaza muda mrefu. Kisha akatia vidole ndani ya ndoo ya yule mama, kwa ruhusa yake, akaonja. "Matamu," akasema. "Kule tulikokuwa sisi yalikuwa yameshakuwa chumvi."

Daktari_Chake:

Mwana wa Wete, mzee wa umri huo ulimwandaaje? Nina mama wa miaka 70 anaomba safari ya namna hii.

MwanaWaWete:

Shikamoo daktari. Kipande kigumu ni barabara, si mto. Tungejua tungelala Kibiti tukaikata safari mara mbili. Botini tulimwekea godoro dogo na mto wa kuegemea, kofia, maji mengi, na kivuli cha turubai. Dawa ya malaria tulimwona daktari kabla ya kuondoka, na chandarua tulibeba chetu. Nendeni baina ya Juni na Oktoba. Masika, Machi mpaka Mei, barabara ile haipitiki na kambi nyingi hufungwa.

Mtumbatu_wa_Gomani:

Na sisi tusio na uwezo wa kufika huko? Kwetu hakuna mto wa kuteremka.

MwanaWaWete:

Wa namna ile hatuna, kweli. Lakini jambo lenyewe, la kuzima mashine ukaachia maji, linafanyika hapa. Nenda Unguja Ukuu maji yakiwa yamejaa, mtafute mwenye mtumbwi, ingieni kwenye mikoko ya kuelekea kisiwa cha Uzi. Njia ya gari ya Uzi yenyewe kwa miaka mingi imekuwa ikifunikwa na maji yakijaa. Ngojeni yaanze kupwa, wekeni kafi, yatawatoa yenyewe. Nilifanya hivyo wiki iliyopita na wanangu. Hakuna kiboko, lakini tulisikia kaa wanavyotembea kwenye mizizi, na mdiria alitukalia kwenye omo.

FundiMjiMkongwe:

Ami anasemaje sasa? Ameridhika?

MwanaWaWete:

Yupo hapa ubavuni, ananiamrisha niandike. Anasema ameshaujua mto unakotoka na anajua unakoishia, lakini kipande cha katikati, baina ya Utete na mikoko ya Salale, hajakiona. Anataka Julai, inshaallah. Safari hii anataka tuanzie Nyamisati, huko kwenye delta, tungoje bamvua, tupande na maji kujaa mpaka yatakapokoma kutusukuma, halafu tumuulize ndugu wa Utete kama ana nafasi ya wageni wanne.

Mndengereko_wa_Utete:

Mwambie ipo. Aje na nafasi ya mpunga pia kwenye jahazi, Mungu akijaalia nitakuwa nimevuna.